Aliyekataa Chumvi Yangu

Hapa Likasi, mtaa mzima wa Shituru wananijua kama mtu wa kuongeza. Nikisema nimeona nyoka, majirani wanaukata urefu wake katikati kabla ya kuitikia. Nikisema mvua ilikuwa kubwa, wanauliza kama angalau ndoo ilijaa. Wanasema natia chumvi. Sawa, kwenye chumvi tutafika. Lakini hili ninalowaeleza sasa sijaliongezea hata punje, na ndiyo maana linanisumbua: katika maisha yangu yote, ndicho kisa pekee kilichonijia kikiwa kimeshajaa. Kama huniamini, muulize shemeji yangu Dodo, mtu ambaye tangu azaliwe hajasema neno la ziada. Yeye ndiye aliyeshika koleo.

Tena haikuwa usiku. Najua visa kama hiki watu huvitaka usiku, bundi analia, mbwa anajificha chini ya kitanda. Mimi yalinikuta mchana, jua liko juu ya matete, kivuli changu nakiona, njaa ninayo, akili zote ninazo. Ningekuwa nimetunga, si ningeweka giza?

Tuanze na Dodo. Ni mdogo wa mke wangu, na kazi yake ilikuwa kuchimba shaba kwa mkono, kwenye vilima nje ya mji, pamoja na wale vijana tunaowaita creuseurs. Masika yaliyopita shimo lilimfunika. Wenzake walimtoa akiwa hai, kinywa kimejaa udongo mwekundu, na alipofikishwa kwetu aliketi sebuleni mpaka watoto wakalala. Halafu akasema hataingia tena shimoni. Mke wangu, Mama Plamedi, alipeleka shukrani kanisani, tukaimba mpaka bati la kanisa likalegea misumari.

Lakini Dodo ana watoto, na shukrani hazipikwi. Taa yake ya kichwani tulikuwa tumeitundika kwenye msumari pale sebuleni. Siku zikapita, kazi nyingine hakuna, na mke wangu akagundua kwamba kila Dodo akiingia kwetu, anaitazama ile taa kwanza kabla ya kutusalimia. Jioni moja akaniita nyuma ya jiko.

"Papa Plamedi," akaniambia, "mutafute fasi bantu banakula bila kushuka chini ya udongo. Mvua ikianza na hatuna fasi, huyu atarudia mu shimo. Na mara hii hatatoka."

Ndiyo mambo yalivyokuwa. Mvua zilikuwa mbioni, na kazi ya kutafuta hiyo fasi, yaani mahali pa kuishi, nikapewa mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye msomi. Diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, niliipata shule ya jioni, ndevu zimeshajaa, nikikaa dawati moja na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa babu. Umeme ulikatika mara nyingi hivi kwamba nusu ya jiografia nimeisoma kwa kupapasa. Mwalimu alisema nina jicho la kutazama ardhi. Au labda alisema nina jicho la kutazama dirishani, lakini maana zinakaribiana. Tena nilikuwa nimeshaanza kuangalia kwenye simu wale watu wa nchi za mbali wanaoishi shambani bila kununua kitu. Maji ya mvua, sabuni ya kupika wenyewe, nyuki, mbuzi, na wote wanacheka. Niliwaangalia mpaka simu ikawa ya moto kama pasi. Nikamwambia mke wangu tutauza nyumba hii aliyoniachia baba, yule mfanyabiashara wa saruji anaitaka na anangoja jibu, kisha sote, sisi na Dodo na watoto, twende tukaishi bila kumhitaji mtu yeyote chini ya jua. Mke wangu alikuwa anachambua matembele. Akaniuliza, "Na asubui nani atatuamusha na salamu?" Nikadhani ni mzaha.

Mahali nilipochagua kwenda kupima ni kando ya ziwa la Mwadingusha, pale mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la umeme ukatanda juu ya nchi. Sisi wa Haut-Katanga bahari hatuna. Ukitaka pwani, pwani yetu ndiyo ile. Ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Haya, unaiona, lakini lazima ukaze macho.

Nilijua vizuri ninachotafuta. Maji yasiyokauka kiangazi. Udongo ambao vichuguu vyake ni vinene, maana kwetu kichuguu kikubwa ndicho kinachokuambia chini kuna rutuba. Kuni karibu, samaki, na mbu wenye huruma. Na nisilione lile ua dogo la zambarau linaloota penye shaba, kwa kuwa palipo na ua lile mahindi hudumaa. Dodo analijua ua lile kuliko mimi. Asubuhi ya safari alinifungia mzigo kwenye pikipiki, akasema jambo moja tu: "Ukiona ile maua, usiniambie."

Mke wangu yeye aliweka chumvi kwenye mfuko wangu. Bibi yake alitoka vijiji vile, na anajua desturi yao. Mtu anayetaka kuhamia huleta chumvi kwa chef, yaani mkuu wa kijiji. Chef huigawa kidogo kidogo, inazungushwa nyumba kwa nyumba, na nyumba inayoitia kwenye chungu imekukubali kuwa jirani. Nyumba ikiirudisha, unakwenda kuketi nayo kwanza, mzungumze mpaka mwelewane. Bila hiyo, hata ukilima heka mia, wewe ni mpita njia. Akaniambia nitoe chumvi kwanza, ndipo nizunguke kuangalia.

Sasa, msomi nikaanza kufikiri. Nikitoa chumvi kabla sijaona ardhi, si nimejifunga? Nani anashukuru chakula kabla ya kukionja? Ndivyo nilivyowaza njia nzima, nikiwa nyuma ya dereva wa pikipiki, vumbi limenipaka mpaka meno. Nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu kuelekea mjini, na chini yake wanawake wanabeba kuni.

Chef wa kijiji kile ni mwanamke. Nilimkuta mbele ya nyumba yake akibangua karanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu wanne, na watu wote humwita Mama Chef. Nilimsalimia kwa heshima, nikaketi kidogo, nikasema nimekuja kutazama ziwa tu. Mfuko wa chumvi niliuweka katikati ya miguu yangu. Aliutazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye karanga zake.

"Kuangalia haikatazwe," akasema. "Enda. Lakini fasi njia inaishia, na weye uishie."

Nikaitikia kwa kichwa, kile kichwa cha watu wenye diplôme.

Jamani, ardhi ile. Nikikuambia ni nyeusi, utadhani nimeanza tabia yangu, lakini niliuchomeka mkono nikauchomoa haraka usije ukaota. Maji yako pale pale, yanalamba mizizi ya matete. Samaki wanaruka kana kwamba wanachungulia nani amekuja. Ua la zambarau hata moja sikuona. Nilipita bustani za watu, lengalenga, mihogo, viazi vitamu. Kila aliyekuwa shambani alininyanyulia jembe la salamu, na mimi nikawa nawapungia mkono kama mgombea ubunge. Njia ikaanza kuwa nyembamba. Ikapita bustani ya mwisho, ikajikunja, ikaingia kwenye nyasi na kwisha. Mbele yangu kulikuwa na kichuguu kikubwa kama kanisa letu, miti imeota juu yake. Nikajiambia, ikiwa udongo wa huku ndio huu, nyuma ya kichuguu kile uko vipi? Nikaingia kwenye nyasi. Zilinifika kiunoni.

Nyuma yake palikuwa na makazi ya mtu.

Nyumba ya udongo, bati linang'aa. Uwanja wa nyasi, msafi. Mahindi mabichi yamesimama, na ulikuwa kiangazi, lakini pembeni niliona mfereji unaoleta maji kutoka ziwani, nikafurahi: umwagiliaji, jambo tulilosoma. Maboga, mzinga wa nyuki, samaki wanakaushwa juu ya kichanja. Na mwanamume mmoja, si mzee si kijana, koti la buluu la kazi limefungwa vifungo mpaka shingoni, ameketi kwenye kigoda akisuka mgono wa kutegea samaki. Hakushtuka. Aliinua uso polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali.

"Karibu, ndugu," akasema. "Siku mingi sikusikia miguu ya muntu."

Nikamweleza nilikotoka na ninachotafuta. Nilimweleza vyote, hata habari za Dodo na shimo lililomfunika, maana mimi nikipewa kigoda natoa mpaka siri za jirani. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akainuka akanizungusha. Wale watu wa kwenye simu, nawaambia, ni watoto wadogo mbele yake. Sabuni anapika kwa majivu. Taa yake ni mafuta ya samaki. Kamba anasokota, sufuria amefinyanga, mpini wa jembe amechonga. Kila nilichotaka kukipima kilikuwa kimepita daraja kabla sijamaliza kuuliza. Nikamuuliza kuhusu soko. Akasema hana lazima nalo, yaani halihitaji. Majirani? Hana lazima nao. Na zahanati, siku ukiumwa? Hapo akatabasamu, akasema yeye sasa haumwi tena. Na mimi, msomi, nikawaza: kumbe ana neti nzuri.

Unacheka? Cheka. Na mimi hucheka nikifika hapa. Mtu akikutana na kile alichokuwa anakiota, macho yake hufanya kazi ya kukubali tu.

Alinipa munkoyo kwenye kibuyu, ule mtamu wa mahindi na mizizi, wa baridi kuliko kitu chochote kilichowahi kupita kooni mwangu. Akanipa na samaki. Nikauma. Nyama yake nzuri, laini, lakini haina chumvi kabisa, kana kwamba chumvi ilikuwa haijawahi kuumbwa. Nikakumbuka mfuko wangu, nikafurahi kuwa na mimi nina kitu cha kumpa. Nikatoa pakiti, nikaifungua, nikamnyooshea.

Alisogeza kigoda nyuma. Hakukasirika. Alisogea kama mtu anayepewa mtoto mchanga ashike huku mikono yake ni michafu.

"Hapana, ndugu. Hiyo tu ndiyo sitengenezake. Ukikula chumvi ya muntu, utaanza kumungojea."

Naapa sikuwa nimeogopa bado. Nilikuwa nafikiria maneno yake, na katika kufikiri huko macho yangu yakaanza kutafuta njia ya kurudia. Nikatazama kushoto kwa nyumba, nikatazama kulia. Njia hakuna.

Elewa ninachosema. Mtu akikaa mahali masika moja tu, miguu yake huchora. Kuna njia ya kwenda majini, kuna ya shambani, kuna ya chooni, kuna ile ambayo watoto wameifupisha. Hata mbuzi ana njia. Pale mlangoni nyasi zilikuwa zimesimama wima. Toka kwenye nyumba hadi kwenye mfereji, nyasi zimesimama. Toka mfereji hadi mahindi, zimesimama upande aliopita yeye, ingawa tulitoka kupita hapo pamoja sasa hivi. Nikageuka. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa nyasi zilizolala, umetoka kwenye kichuguu, umezunguka zunguka, umefika nilipoketi. Wangu mimi. Na samaki wale juu ya kichanja, moshi ulikuwa unawapita, ukinipita na mimi usoni, na haukuwa na harufu.

"Beau yako," akasema yule mtu, akimaanisha shemeji yangu, na mikono yake ikaacha kusuka, "ulisema anajua kuchimba."

Nikamwambia ameacha.

"Miye kila kintu najifanyia mwenyewe. Nyumba nilijenga peke yangu. Maji nilivuta peke yangu. Shimo moja tu ndiyo ilinishinda." Akaitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini. "Ile, muntu unaweza kuchimba. Unaweza hata kuingia, ukalala. Halafu nani anarudisha udongo?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza kweli. Hakikuwa kitisho. Na ndiyo iliyonitoa pale, ile hali ya kwamba alikuwa anangoja jibu. Ningependa kuwaambia niliondoka kwa hatua za heshima. Nilikimbia hivi kwamba upepo niliukuta mbele nikauomba upishe. Pakiti ya chumvi ilinitoka mkononi, ikamwagika kwenye nyasi, sikuiokota.

Mama Chef alikuwa bado anabangua karanga. Niliketi chini kabisa, mavumbini. Hakuuliza nimeona nini. Aliuliza njia iliishia wapi, na nilipomwambia nilipita, na nilichokuta nyuma ya kichuguu, na koti la buluu lililofungwa mpaka shingoni, mkono wake ukasimama na karanga imebaki kati ya vidole.

Akanieleza. Zamani, yeye akiwa msichana, alikuja mtu kutoka Likasi, wakati kazi mjini zilipokwisha. Alipita katikati ya kijiji na jembe begani. Chumvi hakuleta. Alisema hataki kumsumbua mtu, anatafuta mahali pa kujitosheleza mwenyewe. Watu wakasema sawa. Walikuwa wakiuona moshi wake nyuma ya kichuguu, kila jioni. Masika moja moshi haukuonekana. Wakasema amerudi mjini.

"Hatukuenda kuona," Mama Chef akasema. "Tulisema, yee mwenyewe alisema hana lazima na muntu." Ile karanga aliyokuwa ameishika hakuitupa kwenye kikapu cha zilizobanguliwa wala cha zisizobanguliwa. Ilibaki tu mkononi mwake.

Nilipanda kilima ambapo simu inashika, nikapiga nyumbani kumwomba Dodo, yule aliyeulizwa, aje tumzike mtu yule. Mke wangu alipokea, na nilipoanza kusema shimo, akanikata. Nilikutuma utafute fasi hatachimba, akasema, na weye unamuita kuchimba? Alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama juu ya kile kilima nikiwaza kwamba nikimrudisha Dodo kwenye udongo, hata kwa jambo jema, huenda udongo usimwachie tena. Nikasikia simu inapita mikono, kisha pumzi ya Dodo.

"Ile shimo ni ya kutoa kintu, ao ya kurudisha?" akauliza.

"Ya kurudisha," nikamwambia.

"Nakuya."

Alifika kesho yake asubuhi, koleo limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Mke wangu alikuwa naye, maana hakukubali kumwacha aje peke yake. Tulikwenda kijiji kizima, pamoja na wale wa majembe ya salamu. Tulipofika mwisho wa njia, wanawake walitangulia wakafyeka nyasi, wakafanya njia mpaka nyuma ya kichuguu.

Nyumba haikuwepo. Mahindi hayakuwepo. Palikuwa na kichuguu kingine, kidogo, kimeota kwa kuegemea kile kikubwa, na ubavuni mwake limechomoza sikio la bati lililooza kwa kutu. Mfereji ulikuwa mkavu, umejaa majani ya miaka. Na pale mbele, juu ya nyasi, chumvi yangu. Nyeupe, imelala kama nilivyoimwaga, na mstari wangu mmoja wa nyasi ukija mpaka pale. Mwenye kusema niliota aje anieleze habari za chumvi ile.

Dodo alipiga magoti. Aliupapasa udongo kama wanavyofanya wachimbaji, anausikiliza kwa vidole, akasema hapa uliwahi kuvunjwa na mkono wa mtu. Kando ya kichuguu kidogo tukaona bonde dogo lililofunikwa na majani, urefu wa mtu, kina kisichofika gotini. Lilikuwa shimo lililoanzwa na kuachwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni shimo gani.

Dodo alimtafuta yule mtu taratibu, ndani ya udongo wa mchwa, akampata karibu na palipokuwa mlango. Vifungo vya koti vilikuwepo. Zaidi ya hapo sitaeleza, kila mtu ana heshima yake.

Halafu Dodo akashuka kwenye lile shimo lililoanzwa. Mke wangu alinishika mkono, kucha zake ninazo mpaka leo. Dodo alianza taratibu. Alichota, akasimama, akatazama juu kuona kama mbingu bado ipo, akachota tena. Vijana wa kijiji walitaka kumpokea akakataa. Aliendelea mpaka kichwa chake kikawa chini ya nyasi, na hapo sote tukasogea ukingoni, kwa sababu tulijua amefika pale alipokuwa anapaogopa. Tulisikia koleo tu. Likanyamaza. Kisha mkono wa Dodo ukatokea ukingoni, na kabla haujagusa udongo ulikuwa umeshadakwa na mikono ya watu wengi sana, wangu ukiwemo, kila mtu akivuta upande wake, mpaka akatoka nusura tumkate vipande. Alipofika juu alicheka. Tangu masika hatukuwa tumekisikia kicheko kile.

Tukamlaza mgeni yule. Mama Chef aliiokota chumvi kwenye nyasi, akatugawia kila mmoja punje chache. Tulilamba kidogo, nyingine tukamwekea yeye. Ikazunguka kama ilivyopaswa kuzunguka siku alipopita na jembe lake begani. Kisha tukarudisha udongo, kila mtu kwa mkono wake, na ulikuwa udongo mzuri kweli.

Mke wangu aliniuliza tukiwa njiani kurudi: haya, msomi, hii fasi umeipimaje? Nikamwambia maji yapo, udongo upo, samaki wapo. Kuishi peke yako hapa haiwezekani. Kuishi na watu inawezekana sana.

Yule wa saruji tulimwambia nyumba haiuzwi. Dodo na watoto wake walihamia kijijini kabla ya mvua, upande wa huku kabla njia haijaisha, na chumvi yake hakuna nyumba iliyoirudisha. Sisi tulibaki Shituru. Pikipiki zikija zinatuletea kambale wakavu na mihogo, zikirudi zinapeleka sabuni, viberiti na chumvi. Hatujitoshelezi hata kidogo. Taa ya kichwani bado iko kwenye msumari sebuleni, ila betri zake zimo kwenye redio.

Na mimi? Kuna kitu kimoja kilichonibakia, na hapa pia naapa siongezi. Nilikunywa munkoyo wa yule mtu, nikala samaki wake. Tangu siku ile, nikila peke yangu, chakula hakina chumvi. Bukari, huo ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo, hata samaki aliyelala kwenye chumvi usiku kucha, ulimini ni kama udongo uliooshwa. Nimekwenda kuombewa, nimekunywa dawa za miti, mke wangu ameficha kopo la chumvi mara nyingi. Haisaidii. Lakini mtu akiingia, awe nani, hata yule jirani anayewakata nyoka wangu katikati, akivuta kiti akachota tonge kwenye sahani yangu, chumvi inarudi pale pale. Siku hizi nikiwa na njaa husimama kwanza mlangoni kutazama nani anapita.

Kwa hiyo wewe unayetafuta ardhi, mwisho wa mji, kando ya maji, mahali pa kuishi bila kumhitaji mtu, tafuta tu, sikukatazi. Pima maji, pima udongo. Ukikuta makazi mazuri kuliko ulivyoota, na mwenyewe anakuambia hakosi kitu, usimjibu bado. Tazama kwanza nyasi za mlangoni kwake.

Na kama unasoma haya huku sahani iko mbele yako na nyumbani uko peke yako, onja tena. Onja polepole. Kisha inuka ukamwite mtu.